Mwebrania: Jina Lililotoka Ng'ambo

Dhoruba ilikuwa imeshika. Mabaharia waliong'oa nanga bandari ya Yafa walikwisha kutupa shehena baharini, kila mmoja alikuwa amemlilia mungu wake, na kura ilikuwa imemwangukia abiria mmoja aliyekutwa amelala chini kabisa ya merikebu. Wakamzunguka wakamrushia maswali mfululizo: anafanya kazi gani, anatoka wapi, nchi yake ni ipi, na yeye ni mtu wa taifa gani? Yona, aliyekuwa akimkimbia Mungu wake kuelekea Tarshishi, alianza jibu lake kwa neno ivri. Biblia za Kiswahili zinaliandika Mwebrania.

Angeweza kujibu kwamba yeye ni Mwisraeli. Kitabu cha pili cha Wafalme kinamtaja Yona mwana wa Amitai kuwa nabii wa ufalme wa Israeli, enzi za Yeroboamu wa pili. Angeweza pia kutaja kabila la baba zake au mji aliozaliwa. Lakini mbele ya mabaharia wa mataifa mengine, katikati ya maji, alichagua jina jingine, na kila aliyeizoea Biblia ya Kiebrania anajua kwamba hakulichagua kwa bahati.

Jina Israeli limeandikwa katika Biblia hiyo zaidi ya mara 2,500. Ivri, pamoja na wingi wake ivrim, halifiki mara 40. Tena halikutawanyika ovyo. Limerundikana katika masimulizi ya Yusufu kule Misri, katika mabishano ya Musa na Farao, katika vita vya Sauli na Wafilisti, na katika sheria za utumwa. Nje ya hapo linachungulia mara chache tu, kwa Abramu na kwa Yona.

Ukiiweka mistari hiyo pamoja, jambo moja linajitokeza. Mke wa Potifa anapomsingizia Yusufu mbele ya watumishi wa nyumba, anamwita Mwebrania, na sauti yake ina dharau. Mnyweshaji wa Farao anapomkumbuka kijana aliyefungwa naye gerezani, anamwita hivyo hivyo. Binti Farao anapofungua kisafina cha mafunjo na kumkuta mtoto analia, anatambua kwamba ni wa Waebrania. Makamanda wa Wafilisti wanapomwona Daudi na watu wake wamepanga safu pamoja nao, wanataka kujua Waebrania hawa wamefuata nini. Hata Musa anapokwenda kwa Farao anaambiwa amtaje Mungu wa Waebrania, kwa kuwa ndilo jina ambalo Farao atalielewa.

Ivri basi ni jina la mpakani. Hutamkwa na mgeni anayewatazama watu hawa kutoka nje, au na wenyewe wanapojieleza kwa mgeni. Wakiwa nyumbani, baina yao, wanaitana wana wa Israeli. Historia ya neno hili ni historia ya jina ambalo watu walibandikwa na wengine, kisha wakalichukua, wakalivaa na mwishowe wakalipenda.

Herufi tatu

Kiebrania, kama Kiarabu, hujenga maneno yake juu ya mzizi wa konsonanti, mara nyingi tatu. Mzizi wa ivri ni ayin, bet na resh. Ayin ni ile sauti ya kooni ambayo kila aliyepita chuoni kusoma Kurani ameifundishwa kwa bidii. Kitenzi kinachotokana na mzizi huo ni avar, na maana yake ni kuvuka, kupita, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Nomino yake ni ever, yaani upande wa pili wa mto, bonde au bahari. Kwa Kiswahili, ng'ambo.

Irabu i inayofunga neno ivri hufanya kazi ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua vizuri, kwa sababu ndiyo ile ile iliyomo katika Shirazi, Hadhrami na Omani. Humfungamanisha mtu na mahali au ukoo. Kwa sarufi tu, ivri ni mtu wa Ever, ama Ever awe babu, ama awe ng'ambo.

Kiarabu nacho kina mzizi huu, na kupitia Kiarabu umeingia katika Kiswahili bila wengi kuutambua. Kuabiri ni kusafiri kwa chombo, na anayesafirishwa ni abiria. Ayin imepotea njiani, lakini b na r zimebaki, na maana ya kuvuka imebaki pia. Yona akiwa ndani ya merikebu alikuwa abiria kwa maana ya siku hizi, na alikuwa ivri kwa lugha yake. Maneno mawili ya shina moja yalimwangukia mtu mmoja.

Tawi jingine la mzizi huo ni kutabiri. Katika Kiarabu, kuivusha ndoto kutoka upande wa fumbo hadi upande wa maana ni kuifasiri, na ndiyo asili ya taabiri ya ndoto. Katika Sura Yusuf ya Kurani, mfalme wa Misri anapowataka wakuu wake wamfasirie ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, kitenzi kinachotumika ni cha mzizi huu huu. Katika Mwanzo, kijana anayeletwa kuifasiri ndoto hiyo anatambulishwa kwa Farao kuwa ni kijana wa Kiebrania. Masimulizi yote mawili yanamweka Yusufu mbele ya mfalme, na yote mawili yana neno la kuvuka, moja likieleza kazi yake na jingine likimweleza yeye mwenyewe.

Babu au mto?

Mara ya kwanza neno linapotokea ni katika Mwanzo 14. Wafalme wanne wamevamia bonde la Sodoma na kumchukua Lutu mateka. Mtu mmoja anaponyoka, anakimbia kumpa habari Abramu, na hapo mwandishi anamwita Abramu ha-ivri, yule Mwebrania. Hatoi maelezo. Ni wazi kwamba wasomaji wake walilijua neno, lakini vizazi vilivyofuata vilianza kuulizana lina maana gani.

Marabi wa zama za kale waliacha majibu matatu katika Bereshit Raba, mkusanyiko wao mkubwa wa tafsiri za kitabu cha Mwanzo. Rabi Nehemia alishika nasaba: Abramu ni wa uzao wa Eberi, ambaye jina lake kwa Kiebrania ni Ever. Wenzake walishika jiografia na lugha: alitoka ng'ambo ya mto, naye alisema lugha ya huko. Rabi Yehuda akaenda mbali zaidi, akaligeuza neno kuwa la imani. Kwake yeye, dunia nzima ilisimama upande mmoja na Abrahamu upande wa pili.

Hoja ya nasaba ina nguvu mwanzoni. Mwanzo 10 na 11 vinamtaja Eberi, mjukuu wa Arfaksadi mwana wa Shemu, na Shemu anaitwa baba wa wana wote wa Eberi. Ugumu unaanza ukiifuata orodha hadi chini. Eberi alizaa Pelegi, ambaye kwake anatoka Abramu, na pia alizaa Yoktani. Miongoni mwa wana wa Yoktani yumo Sheba, na yumo mmoja ambaye jina lake la Kiebrania ni Hatsarmavet. Hiyo ni Hadhramaut, bonde la kusini mwa Yemen ambako mababu wa koo nyingi za Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro walitwekea tanga. Kama kila mzao wa Eberi ni Mwebrania, Wahadhrami nao ni Waebrania. Biblia haiwaiti hivyo popote. Nasaba peke yake, basi, haitoshi kueleza ni nani aliitwa kwa jina hili na kwa nini.

Wayahudi wa Alexandria waliofasiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK waliufuata mto. Walipofika Mwanzo 14 hawakuandika Mwebrania. Waliandika perates, neno lenye maana ya mtu wa upande wa pili, aliyevuka akaja. Yoshua naye, katika hotuba yake ya mwisho kule Shekemu, anawakumbusha Waisraeli kwamba baba zao walikaa ng'ambo ya Mto zamani, na Mto huo ni Frati.

Ng'ambo, hata hivyo, hutegemea mtu amesimama wapi. Mji wa Unguja unalionyesha hilo: mtaa wa Ng'ambo ulipewa jina na watu wa Mji Mkongwe, waliokuwa upande wa pili wa hori, na jina limedumu ingawa hori lenyewe limekwisha kufukiwa. Vivyo hivyo kwa Frati. Kwa Yoshua aliyesimama Kanaani, ng'ambo ilikuwa Mesopotamia. Kwa watawala wa Uajemi ilikuwa kinyume chake, na jimbo lao lililojumuisha Shamu na Yerusalemu liliitwa Ng'ambo ya Mto, jina linalokutikana katika kitabu cha Ezra. Ardhi moja na mto mmoja, na kila upande ukiuita mwingine ng'ambo. Ndiyo maana jina la aina hii hutolewa kwanza na mwenyeji kumpa mgeni, kwa kuwa mwenyeji ndiye huhesabu kwamba mahali aliposimama ndipo nyumbani.

Habiru wa mabamba ya udongo

Mwaka 1887, katika magofu ya Tell el-Amarna nchini Misri, yalipatikana mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa maandishi ya kabari. Kwa jumla sasa yanajulikana mabamba zaidi ya 350. Mengi ni barua ambazo watawala wadogo wa Kanaani na Shamu walimwandikia Farao katika karne ya 14 KK, enzi za Amenhotep wa tatu na Akhenaten. Waliandika kwa Kiakadi, lugha ya diplomasia ya siku hizo, na waliandika hasa kulalamika.

Abdi-Heba, mtawala wa Yerusalemu, ni mmoja wao. Anamkumbusha Farao kwamba si baba yake wala mama yake aliyemweka pale. Aliwekwa na mkono wa mfalme wenye nguvu. Kisha anaomba askari, kwa sababu nchi za mfalme zinapotea na kuangukia mikononi mwa watu anaowaita habiru. Rib-Hadda wa Byblos, aliyeandika barua nyingi kuliko mtawala yeyote mwingine, naye anawalilia habiru hao hao. Labayu wa Shekemu yuko matatani: inadaiwa kwamba mwanawe anafuatana na habiru. Anamjibu Farao kwamba hakujua, na kwamba amekwisha kumkabidhi kijana kwa ofisa wa Misri.

Habiru, Mwebrania. Wasomi waliposikia jinsi majina haya yanavyolandana, wengi walidhani wamewapata Waisraeli wa Yoshua wakiingia Kanaani kwa upanga.

Kadiri mabamba mengine yalivyofukuliwa, picha ilibadilika. Habiru walionekana Mari kwenye Frati, Nuzi karibu na Kirkuk ya leo, nchi ya Wahiti, Ugarit, na Misri yenyewe. Walienea mno, na kwa karne nyingi mno, wasiweze kuwa kabila moja. Majina yao binafsi yalikuwa ya lugha mbalimbali. Walichoshirikiana ni hali: waliong'oka makwao kwa vita, deni, njaa au ugomvi na wakubwa, wakaishi pembezoni mwa miji bila ukoo wa kuwatetea. Baadhi walikuwa askari wa kukodiwa, baadhi wanyang'anyi, baadhi vibarua.

Nuzi inamleta mmoja wao karibu kabisa. Bamba la karne ya 15 KK linaeleza kwamba mwanamke habiru aitwaye Sin-balti ameingia kwa hiari yake katika nyumba ya tajiri Tehip-tilla ili awe mtumwa. Akivunja mapatano na kwenda nyumba nyingine, tajiri atakuwa na haki ya kumtoboa macho na kumuuza. Neno hiari limo katika mkataba, lakini mtu anayetia saini masharti hayo ni yule asiye na mlango mwingine wa kubisha.

Wa pili ni mfalme. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London ipo sanamu ya mawe meupe ya mtu aliyeketi, macho meusi yamekodoa, na mwili wake wote mpaka shavuni umejaa maandishi. Leonard Woolley aliifukua mwaka 1939 huko Alalakh, kusini mwa Uturuki ya leo. Ni Idrimi, anayesimulia maisha yake mwenyewe. Ubaya ulitokea katika nyumba ya baba yake mjini Halab, familia ikakimbilia kwa ndugu wa mama kule Emar, naye akachoka kuishi kwa hisani ya watu. Akachukua farasi, gari na mtunza farasi wake, akavuka jangwa hadi Kanaani, akakaa miongoni mwa habiru miaka saba, kisha akarudi na merikebu na askari kutwaa kiti cha Alalakh. Idrimi alizaliwa mwana wa mfalme na akafa mfalme, na katikati aliishi kati ya watu hawa. Mtu angeweza kuingia uhabiru na kutoka, jambo ambalo kabila la kuzaliwa haliruhusu.

Je, ivri ni habiru? Mwaka 1955 msomi Moshe Greenberg alikusanya ushahidi wote uliojulikana wakati huo, na mjadala haujafungwa tangu hapo. Kikwazo kikubwa ni cha sauti. Maandishi ya Ugarit na ya Misri yanaliandika neno hili kwa p, apiru, wakati ivri ina b. Na ivri ina umbo la jina la ukoo au mahali, ilhali habiru ni sifa ya hali ya mtu. Anson Rainey alikataa katakata kwamba maneno haya mawili yana uhusiano. Nadav Na'aman, katika makala ya mwaka 1986, alitetea kwamba waandishi wa Biblia walirithi jina la tabaka la watu wasio na kwao, wakaligeuza polepole kuwa jina la taifa.

Hata bila kuamua ugomvi wa konsonanti, kuna kurasa za Biblia zinazosomeka vizuri zaidi mtu akiwa amekutana na habiru. Daudi alipomkimbia Sauli, walimkusanyikia katika pango la Adulamu watu kama 400: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Baadaye, akiwa na watu 600, alikwenda kumtumikia Akishi, mfalme wa Gathi, mji wa Wafilisti, na ni hapo makamanda walipowaita Waebrania. Katika 1 Samweli 14 kuna Waebrania waliokuwa upande wa Wafilisti ambao, vita vilipogeuka, walihamia kwa Waisraeli waliokuwa na Sauli na Yonathani. Aya hiyo inayataja makundi hayo mawili kama watu tofauti. Mwandishi alikuwa bado anakumbuka wakati ambapo si kila Mwebrania alikuwa Mwisraeli.

Sikio mlangoni

Torati ilipoanza kuweka sheria za kuishi baada ya kutoka Misri, sheria ya kwanza katika Kutoka 21 ilimhusu eved ivri, mtumwa wa Kiebrania. Atatumika miaka sita, na wa saba atatoka huru bila kulipa kitu. Asipotaka kutoka, kwa kuwa anampenda bwana wake, mkewe na watoto wake, atasogezwa mlangoni au kwenye mwimo, na bwana wake atalitoboa sikio lake kwa uma. Ni tendo lililofanyika kizingitini, mahali pa kuingilia na kutokea, juu ya mtu ambaye jina lake limejengwa kwa mzizi wa kuvuka, na ambaye sasa ameamua kutovuka.

Ukilinganisha na mkataba wa Sin-balti, tofauti ni kubwa. Kule Nuzi utumwa haukuwa na mwisho uliotajwa, na anayeuvunja aliharibiwa mwili. Huku, kukoma kwa utumwa ndiko kunakowekwa kwanza. Kumbukumbu la Torati 15 linaongeza mambo mawili: sheria inamhusu mwanamke pia, na anayeachwa huru asiondoke mikono mitupu. Apewe kondoo, nafaka na divai, kwa sababu bwana wake naye ni wa watu waliokuwa watumwa Misri.

Hapo neno limeanza kugeuka. Mwebrania wa sheria hizi si mgeni tena. Kumbukumbu la Torati linamwita ndugu.

Mgeuko huo unakamilika katika saa mbaya. Mwaka 588 KK hivi, majeshi ya Nebukadneza yameuzingira Yerusalemu. Mfalme Sedekia anafanya agano na wakuu na watu wote kwamba kila mmoja amwache huru mtumwa wake wa Kiebrania, mume kwa mke. Yeremia 34 inaeleza sababu, na katika aya moja inaweka ivri na yehudi bega kwa bega: asiwepo mtu wa kumtumikisha Myahudi ndugu yake. Watumwa wakaachwa. Kisha jeshi la Misri likasogea, Wababeli wakaondoka kwa muda, hatari ikaonekana imepita, na mabwana wakawarudisha watumwa wao kwa nguvu. Yeremia alitangaza kwamba mji utachomwa kwa ajili ya jambo hilo. Watu walikuwa wamekubali katika agano kwamba Mwebrania ni wao wenyewe, na siku chache za amani zilitosha kuwafanya walikane.

Mji uliteketea, na uhamishoni Babeli jina jingine likapata nguvu. Yehudi mwanzoni lilimaanisha mtu wa kabila la Yuda au wa ufalme wake. Baada ya uhamisho lilipanuka: kitabu cha Esta kinamwita Mordekai Myahudi na papo hapo kinasema ni Mbenyamini. Jina la kabila moja lilikuwa limewafunika wote. Ndilo lililopita katika Kiaramu, Kigiriki na Kiarabu, na ndilo lililofika Kiswahili.

Ivri halikufa. Lilizeeka, na kwa kuzeeka likapata heshima. Waandishi wa Kiyahudi waliotumia Kigiriki walilipendelea walipozungumzia mababu, wakati wa shujaa na wa mateso. Paulo, akiwaandikia Wafilipi, alijitaja kuwa Mwebrania wa Waebrania, na alilisema kama mtu anayehesabu sifa zake. Katika Matendo 6 jina linawatenga Wayahudi wa Yerusalemu wenye lugha ya asili na wale waliozungumza Kigiriki, ambao wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Kutoka kinywani mwa mke wa Potifa hadi kwa Paulo, tusi lilikuwa limegeuka kuwa cheo.

Mfano wa jinsi neno lilivyosumbua hata watu waliolipenda umo katika tafsiri ya Kigiriki ya kitabu cha Yona. Pale nabii anapojibu kwamba yeye ni Mwebrania, Kigiriki kinamfanya aseme yeye ni mtumishi wa Bwana. Maelezo yanayokubalika ni ya herufi. Katika maandishi ya Kiebrania, resh na dalet hutofautishwa na kipembe kidogo tu. Mfasiri aliisoma resh kama dalet, na yod ya mwisho akaichukua kuwa ufupisho wa jina la Mungu. Ivri ikawa eved Y, mtumwa wa Bwana.

Lugha na watu

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Biblia ya Kiebrania haiiti lugha yake Kiebrania hata mara moja. Isaya anaitaja lugha ya Kanaani. Wajumbe wa Hezekia, wakimsihi ofisa wa Ashuru asizungumze lugha inayoeleweka na watu walioketi ukutani, wanaiita Kiyahudi. Jina la lugha lilikuja baadaye, likakaa, na hatimaye ndilo lililolivusha neno hadi siku zetu.

Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika Belarusi ya leo, aliteremka Yafa mwaka 1881 akiwa ameazimia kwamba lugha ya sala na vitabu isemwe tena jikoni na sokoni. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1882 alilelewa kwa Kiebrania peke yake, huko Yerusalemu ambako hakukuwa na mtoto wa kucheza naye kwa lugha hiyo. Baada ya vizazi viwili, vijana wa Tel Aviv waligombana, wakatongozana na kuhesabu kwa Kiebrania. Nao walianza kujiita Waebrania, kwa makusudi, ili wajipambanue na Wayahudi wa ughaibuni. Tel Aviv uliitwa mji wa kwanza wa Kiebrania. Chuo kikuu kilichofunguliwa Yerusalemu mwaka 1925 kikaitwa cha Kiebrania.

Neno lililowahi kumtaja asiye na kwao sasa lilijenga ukuta. Kaulimbiu ya avoda ivrit, kazi ya Kiebrania, iliwataka Wayahudi wenye mashamba na viwanda waajiri Wayahudi tu, na wafanyakazi Waarabu walifungiwa mlango katika nchi yao wenyewe. Histadrut, shirikisho la wafanyakazi lililoundwa Haifa mwaka 1920, lilibeba neno Waebrania ndani ya jina lake rasmi. Liliondolewa mwaka 1966, baada ya wafanyakazi Waarabu kupewa uanachama.

Mshairi Yonatan Ratosh, mzaliwa wa Warsaw, alilichukulia neno kwa uzito kuliko wote. Mwaka 1943 aliwaandikia vijana waraka akiwataka wawe taifa la Kiebrania lenye mizizi katika ardhi na lugha, lililokata uhusiano na dini ya Kiyahudi. Wapinzani wake walimwita yeye na wenzake Wakanaani. Mdogo wake, mwanaisimu Uzzi Ornan, aliliendeleza swali hilo kwa njia ya mahakama. Yeye na wenzake waliomba daftari la wakazi wa Israeli liandike taifa lao kuwa Waisraeli badala ya Wayahudi. Mahakama ya Juu ya Israeli ilikataa ombi hilo mwaka 2013, Ornan akiwa na umri wa miaka 90.

Leo katika mitaa ya Israeli, ivri kama jina la mtu halisikiki sana. Limebaki kwenye nyimbo, kwenye majina ya taasisi na kwenye tarehe za kalenda. Kwa Warusi na Waitaliano ndilo jina la kawaida la Myahudi, yevrei na ebreo. Palipo na uhai wake mkubwa ni katika lugha, ivrit, na lugha ina wenyewe wengi kuliko alivyotazamia Ben-Yehuda. Mwaka 1986 Anton Shammas, Mpalestina Mkristo aliyezaliwa kijiji cha Fassuta huko Galilaya, alichapisha riwaya yake Arabeskot. Inasimulia ukoo wa Waarabu na kijiji chao, na aliiandika kwa Kiebrania. Wahakiki walioisifu walilazimika kuzungumza hadharani juu ya jambo ambalo hadi hapo lilichukuliwa kuwa limekwisha: kama fasihi ya Kiebrania ni ya Wayahudi peke yao, au ni ya yeyote aliyevuka akaingia katika lugha hiyo.